Ukolezo wa Chumvi

Uzito wa maji nimejifunza mara tatu, na kila mara niliambiwa huu ndio wenyewe.

Shuleni misheni tulikaririshwa kwamba maji yanayojaa sanduku la futi moja kila upande yana ratili sitini na mbili na kidogo. Hicho kidogo mwalimu wetu hakupenda kuulizwa. Chuo cha ualimu nikakuta ratili zimepigwa marufuku. Mkufunzi akasema maji ni moja, yaani gramu moja kwa sentimita moja ya ujazo, na tuliokuja na sitini na mbili vichwani tuziache mlangoni. Nilipoanza kazi kikaletwa kitabu kipya chenye kilo na mita, maji yakawa elfu moja. Mto haukuwa na habari. Walimu wenzangu walilalamika, mimi nilifurahi, kwa sababu kugeuza vipimo ndiyo hesabu pekee niijuayo ambayo unatoka jasho na mwishoni hakuna kilichobadilika. Niliwaambia wanafunzi namba imebadili nguo tu, mwili ni uleule. Nilikuwa mtu wa kujiamini sana wakati huo.

Nilikuwa nafundisha hisabati na sayansi katika kijiji cha ujamaa upande wa Kibimba, huku Ngara. Watu walikuwa wametolewa kwenye migomba yao, kila mmoja na kilima chake, wakapangwa mistari miwili kandokando ya barabara, nyumba ikitazamana na nyumba. Siku nilipofundisha msongamano, kwamba vitu vilevile ukivibana mahali padogo uzito wake kwa kila ujazo unapanda, niliomba mfano. Binti mmoja akasimama akasema, "Mwalimu, ni sisi." Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka, nikampa alama zake. Mwalimu mkuu aliposikia aliniomba kwa upole kwamba mwaka ujao nitumie pamba na chuma.

Lakini binti alisema kweli. Kule kwenye migomba mtu akiumwa tumbo, aliumwa peke yake. Hapa tulikuwa na kijito kimoja na vyoo vifupi vilivyochimbwa haraka ili mkaguzi akipita avione, na mvua ikinyesha kila kitu kilishuka kijitoni. Watoto wakaanza kuhara. Mtoto mmoja alikauka kwa siku mbili, akafa, na mama yake aliendelea kumbeba mgongoni kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia.

Zahanati yetu ilikuwa na tabibu mmoja, kijana mtaratibu kutoka Biharamulo, Mwislamu, ambaye wazee Wakatoliki wa kijiji walimpenda kwa sababu hakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na hivyo alipatikana jioni. Yeye aliwafundisha akina mama dawa ya maji: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, na sukari kama ipo. Akasisitiza kijiko kiwe cha kufuta. Unachota, unapitisha kidole juu ya kijiko, kilichozidi kinarudi mkebeni. Chumvi yenyewe siku zile ilikuwa ya mawe, ile ya Uvinza, punje zake kubwa kama mtama, na baina ya punje na punje kuna hewa. Kijiko cha hewa na chumvi kilitosha. Watoto wakaanza kupona.

Kisha vita vikaja, na tabibu akachukuliwa. Mume wangu alikuwa mgambo, naye akachukuliwa, wakapanda lori moja. Nilisimama barabarani na mwanangu mgongoni, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kujishikiza kwenye kiti ili asimame. Wanawake wengine walilia hadi lori likapotea. Mimi nilishikwa ganzi. Ilikuwa ganzi ileile ya mkono uliolaliwa, ila haikuishia mkononi, na sikuwa na wa kunisugua. Nilirudi shuleni kipindi cha tatu nikafundisha hesabu za sehemu.

Mama mkwe wangu alihamia kwangu ili amlee mtoto nikiwa kazini. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mikono isiyotulia. Alimpenda mjukuu wake kwa namna iliyonitia wivu, maana mimi wakati huo nilikuwa nampakata mtoto kama mtu anayemshikia mwenzake mzigo. Sioni haya kusema hivyo. Nilijua kwamba nampenda, kama nijuavyo kwamba maji yana uzito, lakini sikuusikia huo uzito mikononi. Bibi yake aliusikia kwa niaba yetu sote wawili, na nilimshukuru kimoyomoyo.

Miezi michache baadaye ofisi ya wilaya ilileta chati ya kubandika ukutani zahanati, ili kijiji kisicho na tabibu kijiongoze. Ilikuwa na picha ya mama, jagi na kijiko, na chini yake maneno makubwa: UKOLEZO WA CHUMVI, GRAMU 3.5 KWA LITA. Shida ni kwamba mwenyekiti wa kijiji alikuwa na karatasi nyingine, ya zamani, iliyoachwa na wamisheni, inayosema gramu 0.35 kwa mililita mia. Akaniita. Akasema serikali na misheni wamepishana mara kumi, na yeye hawezi kuua watu kwa sababu ya nukta.

Nikamwambia hawajapishana. Lita moja ni mililita elfu, na elfu ni mia kumi. Ukichukua sehemu ya kumi ya maji, unachukua na sehemu ya kumi ya chumvi, ladha haibadiliki. Nikamwambia hata akitaka kuandika miligramu kwa mililita atapata tatu na nusu ileile. Alinitazama kwa mashaka, kama mtu anayeonyeshwa mazingaombwe, akaita wazee watatu, nikaeleza tena kwa vikombe na jagi. Mjadala ulichukua asubuhi nzima. Tulibishania nukta mpaka tukatokwa na jasho. Neno lililotangulia namba hakuna aliyeligusa.

Neno hilo lilikuwa ukolezo. Walioandika chati walitaka neno la Kiswahili la kiasi cha kitu kilichoyeyuka ndani ya maji, wakalipata. Ni neno zuri na hata leo nalitumia. Lakini kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, soko na ofisi, nyumbani tulisema Kihangaza, na mwanamke aliyeokota Kiswahili chake sokoni alijua jambo moja tu kuhusu kukoleza: unakoleza moto usizime, na unakoleza chumvi maharage yasiwe chapwa. Mwenyekiti alipoisoma chati mbele ya mkutano, akina mama walisikia serikali inawaambia wakoleze chumvi. Gramu hakuna aliyekuwa na kitu cha kuipimia. Kukoleza kila mmoja alikujua.

Wakati huohuo chumvi ya mawe iliadimika. Reli na malori vilikuwa vya vita, kila kitu kikaadimika, sabuni, mafuta ya taa, sukari ndiyo kabisa. Siku moja duka la ushirika likapata magunia ya chumvi nyingine, nyeupe, laini kama unga wa muhogo. Tulipanga foleni tukashukuru. Kijiko kilibaki kilekile.

Nikaitwa semina ya walimu Nyamiaga, siku nne. Mtoto nilimwacha mzima, anapiga sufuria kwa mwiko. Niliporudi siku ya nne mchana nilimkuta mama mkwe amekaa kizingitini, mtoto mapajani, jagi pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Anahara tangu juzi, mwarimu," akasema. Kama wengi wa kwetu, ulimi wake haukutenganisha l na r. "Lakini usiogope. Anakunywa. Anakunywa vizuri sana."

Kweli alikuwa anakunywa. Midomo yake ilikuwa imekauka, nyekundu, na kila kikombe kilipomkaribia alikishika kwa mikono miwili akakinyonya kwa pupa, kikiondolewa analia bila chozi. Bibi yake alifurahi kwa kiu ile. Kwake mtoto mwenye kiu ni mtoto mwenye nguvu. Nilichukua kikombe nikaonja.

Ilikuwa chumvi tupu. Nilimwaga yote uani, nikachemsha maji, nikampa maji peke yake kidogokidogo, nikamfunga mgongoni tukaondoka naye kuelekea hospitali ya misheni, mama mkwe akinifuata na mwavuli ingawa jua lilikuwa limeshapungua. Njiani mtoto alikakamaa mara mbili. Kabla hatujafika alilegea, na nikaendelea kutembea, nikamkumbuka yule mama ambaye hakuna aliyethubutu kumwambia. Mama mkwe ndiye aliyenishika bega akanisimamisha.

Sista pale hospitali alimtazama akasema ni kuhara, mwili umekauka, mwaka huu wameletwa wengi. Huenda alisema kweli. Kuhara kulikuwa kunaua watoto ambao hawakuonja chumvi hata punje. Mpaka leo sijui, na hakuna hesabu ya kunijulisha.

Tulimzika nyuma ya nyumba yetu ya zamani, kule kwenye migomba, bila kuomba ruhusa ya mtu. Katekista alisoma masomo. Akina mama waliomboleza, mama mkwe aliomboleza mpaka sauti ikamkauka, mimi nikakaa juu ya mkeka nikitazama sisimizi. Nilisikia mmoja akinong'ona kwamba wasomi hawana machozi. Nilimsikia vizuri, wala haikuniuma, na hilo ndilo lililonitisha kidogo.

Siku ya tatu ya matanga mama mkwe alikuja kukaa karibu nami. Alisema bila mimi kumuuliza.

"Nirichota kijiko kimejaa. Nikaonja, haikukorea. Nikaongeza nusu yake. Karatasi irisema tukoreze." Mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua ncha ya kitenge. "Wewe unajua hesabu, mwarimu. Niambie. Irikuwa sawa?"

Nilikuwa sijapima bado, lakini nilikuwa nimeonja. Katika maisha yangu yote ya ualimu sijawahi kumwachia mtu jibu lisilo sahihi. Wanafunzi wangu wa zamani, wengine wana wajukuu sasa, watakuambia nilikata alama kwa nukta iliyokaa vibaya.

"Ilikuwa sawa, mama," nikasema.

"Basi ni Mungu," akasema, akaegemea ukuta, akafumba macho.

Baada ya matanga nilikwenda duka la ushirika nikamwomba mwuzaji aniachie mizani. Jiwe dogo kuliko yote lilikuwa la robo kilo, na gramu tatu na nusu mbele ya robo kilo ni kama nzi juu ya ng'ombe. Kwa hiyo nilifanya ninachowafundisha watoto: usichoweza kupima kimoja, pima vingi ugawanye. Nilichota vijiko vya chumvi laini, vya kufuta, mpaka mizani ikalala sawa na jiwe. Vilikuwa kama arobaini. Mwuzaji akakung'uta masalio ya chumvi ya mawe kutoka magunia ya zamani, nikarudia. Vilikaribia sitini. Kijiko kilekile, ujazo uleule, lakini chumvi laini haina hewa ndani yake, imesongamana. Ni sisi, alisema yule binti. Kisha nikapima vijiko vilivyojaa, visivyofutwa, nikajumlisha na ile nusu aliyoongeza, nikapata gramu kama kumi na tano kwenye lita ambayo chati ilitaka tatu na nusu. Ni zaidi ya mara nne. Mwuzaji akauliza nimepata nini. Nikasema nimepata kwamba mizani yake ni nzima.

Nilikwenda kwa mwenyekiti nikamwambia chati ile ishuke au mimi niishushe. Hakubisha. Alikuwa amekuja mazishini. Swali likawa tuweke nini badala yake. Gramu hazina maana kwa mtu asiye na mizani, na kijiko kinabadilika chumvi ikibadilika. Nilihitaji kipimo ambacho kila mwanamke anacho nyumbani na hakitegemei malori.

Nilikumbuka somo la afya kule chuoni. Maji ya mwili wa mtu, damu yake, machozi yake, yana chumvi kama gramu tisa kwa lita. Tatu na nusu haifiki nusu ya tisa. Kumi na tano inaipita. Hesabu ilikuwa rahisi, hata darasa la tano wangeiweza: dawa inapaswa kuwa chapwa kuliko chozi, tena chapwa sana. Mwaka ule hapakuwa na nyumba isiyojua ladha ya machozi, isipokuwa mimi niliyeitoa namba yake kwenye daftari la chuo.

Mkutano ulifanyika mbele ya zahanati. Nilichanganya jagi mbele yao kwa chumvi laini, nusu kijiko cha kufuta na kidogo juu yake, nikawaambia waonje kwa zamu, kikombe kimoja kizunguke. Nikasema, sahauni kukoleza, kukoleza ni kwa maharage. Dawa hii isifike chumvi ya machozi. Ukionja ukakuta inafanana na chozi, mwaga.

Mwanamke wa kwanza alionja akakunja uso. "Mbona haina kitu?"

"Ndivyo iwe," nikasema.

Kikombe kikaenda mkono kwa mkono, wakacheka kidogo, wakasema dawa ya mwalimu imepooza kama mwalimu mwenyewe. Sikumwona mama mkwe alipofika. Alikuwa amesema atabaki nyumbani kupepeta. Nilimwona alipokuwa tayari ameshika kikombe, nyuma kabisa, karibu na mlango. Alikunywa. Aliyaweka maji mdomoni muda mrefu kabla ya kuyameza. Kisha akampa kikombe jirani yake, akanitazama juu ya vichwa vya watu wote wale, wala hakukasirika.

"Asante, mwarimu," akasema, akaondoka.

Jioni nilikuta maharage mezani. Nilitia tonge mdomoni, na nikajua. Hayakuwa na chumvi hata kidogo. Mkebe wa chumvi ulikuwa pale pale juu ya kinu, umejaa, umefunikwa. Alikuwa anakula akitazama chini. Nikala yangu nikamaliza, nikamwambia asante kwa chakula.

Kesho yake hayakuwa na chumvi, na keshokutwa. Vita vikaisha, waliorudi wakarudi kwa malori wakiimba, mume wangu hakuwamo, na usiku wa habari hiyo tulikula maharage chapwa, wawili, tukisikia ngoma upande wa pili wa barabara. Watu wakaanza kurudi mmojammoja kwenye vilima vyao, nasi tukarudi. Nilipandishwa cheo. Wakaja wageni, wakaja mapadre kula kwetu, wakaonja wakanyamaza kwa adabu. Mtu angeweza kusema neno moja tu, mimi au yeye, na jambo lingeisha. Angeweza kusema, ulinidanganya. Ningeweza kusema, nilifanya hivyo kwa sababu nakupenda. Nilimpenda kweli, kuliko nilivyowahi kumpenda mtu mzima mwingine, na nilimjibu kwa njia moja niliyoiweza: sikuomba chumvi.

Alifariki mzee kabisa, kitandani kwake, mimi nikiwa nimestaafu. Majirani walikuja wakashika jiko, kama desturi ilivyo, wakanikataza kunyanyua hata sufuria. Jioni ya mazishi wakaniletea sahani ya ugali na maharage pale mkekani. Nilikuwa na njaa, nikala bila kufikiri.

Yalikuwa yamekolea. Nilikaa na tonge mdomoni, na machozi yakanitoka, mengi, ya miaka yote hiyo, yakashuka mpaka kwenye sahani. Yule jirani aliyepika akapiga magoti mbele yangu kwa hofu, akauliza kama chumvi imezidi.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Iko sawa."